Jeneza Halikuanguka

Hironimus Mapunda alikuwa akiogopa mizigo, na hakuona haya kusema hivyo, ingawa mizigo ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Alipokuwa kijana, kabla hajaoa, alibeba magunia ya mahindi kwenye maghala ya Songea mjini, na huko ndiko alikoipata hofu yake. Kulikuwa na mwanaume mmoja pale, Otto, pande la mtu, aliyekuwa akipanda ngazi za mbao na gunia begani na jingine kwapani ili tu wenzake wapige makofi. Siku moja Otto alishuka ngazi zile akiwa amebebwa yeye. Miaka kadhaa baadaye Hironimus alimkuta ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba ya dada yake, anafukuza kuku kwa fimbo. Wale waliokuwa wakimpigia makofi, hakuna hata mmoja aliyejua anakaa wapi.

Kwa hiyo alipopata kazi ya kupakia na kupakua mizigo uwanja wa ndege, na kampuni iliyomwajiri ikampeleka Dar es Salaam kwa mafunzo mafupi, Hironimus alisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za ndugu yake. Wenzake walisinzia. Yeye aliyashika yote: kunja magoti, usikunje kiuno, mzigo uwe karibu na tumbo, ukitaka kugeuka geuza miguu, usipinde mgongo, mwite mwenzako kabla hujachoka. Na lile la mwisho, ambalo mwalimu alilisema harakaharaka kwa sababu chakula kilikuwa tayari: mzigo ukikuzidi nguvu, uachie, ujiondoe.

Aliporudi akafanywa kiongozi wa zamu, na sauti yake ikawa sehemu ya uwanja ule. "Magoti! Magoti!" alikuwa akiita ndege ikishafunguliwa buti, hata abiria wageni wakageuka kutazama kama kuna ibada. Watu wakamwita Mzee Magoti, naye akaitika. Nyumbani kwake Matogoro, mkewe Lidwina alimtania kwamba hata ndoo ya maji anaipigia goti kama yuko mbele ya altare. Hironimus alicheka, akaendelea kupiga goti. Alitaka kuzeeka na mgongo wake. Alitaka siku moja aache kazi kwa miguu yake mwenyewe, akalime mahindi na maharage kwenye kipande chao cha shamba chini ya mlima, mtoto wao Saimon akishamaliza masomo.

Kisha akaja Sefu.

Sefu alitoka Tunduru, kijana wa Kiyao mrefu, mabega mapana, mwepesi wa kucheka. Alikuwa ameacha mikorosho ya baba yake na mke mpya aitwaye Zulfa, akaja kutafuta mshahara wa mwezi. Siku yake ya kwanza alichomoa sanduku kubwa kutoka buti la ndege kwa mkono mmoja, akalizungusha, akalitua juu ya toroli kama mtu anayetua kikombe cha chai. Raphael, mwenzao wa zamu, akapiga mluzi.

"Lirudishe," Hironimus akasema.

"Nilirudishe wapi, kaka?"

"Ulikolitoa. Halafu ulitoe tena kama mtu anayejua kiuno hakiuzwi dukani."

Sefu alicheka akidhani ni utani, akaangalia uso wa mkubwa wake, akalirudisha sanduku.

Kuinua alijifunza upesi. Kilichomshinda ni kuachia. Mchana, ndege ikishaondoka na uwanja ukabaki na upepo tu, Hironimus alijaza mchanga kwenye kiroba, akamwita nyuma ya banda la mizigo. "Kiinue. Nikisema achia, achia, uruke nyuma." Sefu akakiinua. "Achia!" Sefu akakishusha taratibu mpaka chini.

"Hujaachia. Umekishusha."

"Kitapasuka, kaka."

"Kipasuke."

Wakarudia, na kila mara mikono ya Sefu ikakataa kufunguka. Mwishowe akasema, macho chini, "Nyumbani kwetu mwanaume akidondosha mzigo anachekwa mpaka anahama."

"Hata kwetu," Hironimus akasema. "Lakini sikiliza, mdogo wangu. Kiroba kikipasuka, mchanga tutauzoa. Wewe ukipasuka, Zulfa atakuzoa na nini?"

Sefu akakiinua kiroba tena, na neno lilipotoka mikono yake ikafunguka, kiroba kikapiga sakafu, mchanga ukawarukia hadi viatuni, wakacheka wote wawili kama watoto. Waliendelea na mchezo huo siku nyingi, mpaka neno lile likawa linauamuru mwili wa Sefu hata kabla akili haijalisikia. Hironimus aliona fahari. Alijua amemfundisha mtu jambo gumu.

Wakawa ndugu. Jumapili baada ya misa Sefu alikuja Matogoro kula, na kuku alichinjwa na Sefu mwenyewe ili naye ale kwa amani. Lidwina alimwita shemeji, akamuuliza kila mara lini atamleta Zulfa waonane.

*

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zimekolea. Habari zilikuja asubuhi kwamba ndege ya mchana italeta msiba. Leticia Komba, binti wa kijiji cha Mpitimbi aliyekuwa akifanya kazi hotelini Dar es Salaam, alikuwa ameugua siku chache tu akafariki, na ndugu wameamua kumrudisha nyumbani.

Kupokea maiti halikuwa jambo geni kwa Hironimus. Alikuwa na utaratibu wake: watu wanne, mashine ya mkanda wa kushushia mizigo ikiegeshwa mlangoni mwa ndege, kofia zimevuliwa, hakuna maneno ya ovyo. Lakini mashine ya mkanda ilikuwa imekufa tangu kabla ya Krismasi, ikisubiri kifaa, na mwenzao wa nne, aitwaye Leo, alikuwa kitandani na malaria. Hironimus akaamua kwamba watasubiri abiria waondoke, kisha wanaume wawili wa familia waruhusiwe kuingia kusaidia. Akaenda mwenyewe kwenye kibaraza walikokaa wafiwa ili awaeleze.

Mama wa marehemu, Suzana, alikuwa ameketi kwenye benchi katikati ya wanawake wenzake, kitenge kimemfunika mabega. Hironimus akainama.

"Shikamoo, mama. Poleni sana."

"Marahaba." Akamtazama kwa muda. "Wewe si mtoto wa marehemu mzee Mapunda, wa pale karibu na kigango?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi nashukuru ni wewe." Akamshika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Msimwangushe mwanangu. Maisha yamemwangusha vya kutosha."

"Hataanguka, mama," Hironimus akasema.

Ndege ikatua. Abiria wakashuka, wakakimbilia ndani kwa sababu wingu lilikuwa limeshaifunika milima ya Matogoro. Mlinzi akaenda kutafuta kibali cha kuwaingiza wale wanaume wawili, na kibali kikachelewa, kama vibali vinavyochelewa. Mvua ikaanza. Hironimus, Sefu na Raphael wakasimama chini ya bawa wakisubiri. Rubani akachungulia angani.

Hapo Suzana akainuka kwenye benchi. Wanawake wakajaribu kumrudisha, akawatoa mikono. Akatembea mpaka ukingo wa kibaraza, akavuka, akasimama kwenye mvua mahali mlinzi mwingine alipomzuia, akiutazama mlango wa buti uliokuwa wazi na ncha ya jeneza lililofungwa magunia ikionekana ndani. Hakulia. Alilowa tu.

Hakuna aliyemlazimisha Hironimus. Baadaye alilisema hilo kwa kila aliyeuliza. Hakuna bosi aliyempigia kelele, hakuna mtu aliyemtisha. Alimtazama mama yule mara moja, mara mbili, kisha akasema, "Tulishushe."

"Watatu?" Sefu akauliza.

"Watatu. Polepole."

Raphael akapanda ndani ya buti asukume. Hironimus na Sefu wakasimama chini, mmoja kila upande, toroli nyuma yao. Jeneza lilikuwa la mbao nzito, na ndani lilikuwa na bati kama majeneza yote yanayosafirishwa. Likateleza nje taratibu. Wakalipokea. Wakapiga hatua ya kurudi nyuma, wakapiga nyingine, na upande wa Raphael ukatoka mlangoni, uzito wote ukawaangukia wao. Mguu wa Sefu ukateleza kwenye maji.

"Achia, Sefu!"

Alilisema Hironimus mwenyewe, kwa sauti yake ile ile ya nyuma ya banda. Mikono ya Sefu ikafunguka, mwili ukaruka nyuma, salama.

Hironimus naye alipaswa kuruka. Alilijua hilo wazi kama ajuavyo jina lake. Ila mikono yake haikufunguka. Akapeleka bega chini ya jeneza, paja likaenda upande mmoja na kiuno upande mwingine, akafanya kwa mpigo mmoja kila alichowakataza watu miaka yote ile. Kitu kikaalika chini ya mgongo wake kama kijiti kikavu. Jeneza likayumba, likamlalia, likatulia. Halikugusa lami.

Raphael akaruka chini, Sefu akarudi mbio, wanaume wa familia wakavunja kizuizi wakaja. Wakalichukua, wakaliweka juu ya toroli. Hironimus akabaki amesimama kama aliyepigiliwa misumari, akaona Suzana akiweka kiganja juu ya mbao. Kisha akajaribu kupiga hatua, na miguu haikujibu.

*

Songea walimpokea hospitali, wakampa rufaa, akapelekwa Dar es Salaam akiwa amelala chali njia nzima. Daktari aliyempasua alikuwa mpole. Alimweleza kwamba kisahani laini kilicho kati ya pingili za uti wa mgongo kimechomoka, nacho kimebana mishipa inayoamuru miguu. Kwamba wamekiondoa, lakini mishipa ikishabanwa hivyo hurudi ikitaka yenyewe. Mguu wa kulia ulirudi. Wa kushoto ukarudi nusu, kidole gumba kikiburuzika ardhini. Haja ndogo ilimsumbua, na hilo alimwambia Lidwina peke yake.

Aliporudi Matogoro na magongo mawili, alikuta amekuwa mtu maarufu.

Habari ilikuwa imesimuliwa msibani Mpitimbi. Thadei, kaka yake Suzana, alisimama makaburini akasema mbele ya watu kwamba kuna mwanaume Mngoni aliyekataa binti yao asidhalilike, akavunjika mgongo ili maiti isianguke, wakati kijana mwingine aliachia akakimbia. Kutoka pale ikaenda kanisani, sokoni, vijiweni. Mapadre walimwombea kwa jina. Watu asiowajua walileta matunda, wakamshika mkono kwa mikono miwili.

"Yule kijana wa Tunduru," walisema, wakitingisha kichwa.

"Mimi ndiye niliyemwambia aachie," Hironimus aliwajibu. "Nilimfundisha mimi, na siku ile nilimwambia mimi. Alifanya sawasawa. Nilikosea mimi."

Walimsikiliza kwa heshima, wakatazamana. "Ana moyo huyu," walisema wakitoka. "Bado anamfichia mwenzake." Kadiri alivyoisema kweli ndivyo walivyozidi kumsifu, na kadiri walivyomsifu ndivyo jina la Sefu lilivyochafuka. Hironimus hakujua afanye nini na ukweli usioaminika. Alimtuma Raphael azungumze na watu. Raphael akazungumza, nao wakasema Raphael alikuwa ndani ya buti, angesikia nini?

Suzana alikuja mara kwa mara kutoka Mpitimbi, kwa basi, na unga kwenye kiroba, na jogoo, na dagaa wa Nyasa waliofungwa kwa gazeti. Alimwita Hironimus mwanangu. Alikaa kando ya godoro lake akimsimulia Leticia alipokuwa mdogo, alivyokuwa akiwaimbia mbuzi. Lidwina alimpokea vizuri, akampikia, akamsindikiza hadi barabarani. Kisha alirudi, akafunga mlango wa jikoni.

Siku moja Hironimus alimfuata kwa magongo yake, akamkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya yule jogoo aliyefungwa miguu.

"Mama Saimon, amekukosea nini?"

"Hajanikosea." Akajifuta uso kwa mkono wa gauni. "Mfu haumii, baba Saimon. Hata angeanguka mara saba asingeumia. Mimi nakugeuza kitandani, nakuona unavyouma meno. Nikimwona mama yule nampenda, namwonea huruma, halafu namchukia. Nifanyeje?"

Hironimus aliegemea magongo yake. Alisimama pale mpaka mguu wa kushoto ukamchoka, Lidwina akainuka akamshika.

Sefu naye alikuja, mwanzoni kila Jumapili. Hakucheka tena. Hakukubali kuchinja kuku, alisema ameshakula. Siku moja akauliza, "Kaka, ulisema achia, au nilisikia vibaya?"

"Nilisema, Sefu. Wallahi nilisema." Hironimus alitumia neno la Sefu ili Sefu aamini.

"Mbona basi wewe hukuachia?"

"Sijui."

"Mimi ningeshika kama ungeniambia shika. Ningeshika mpaka nife."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Sefu akatikisa kichwa polepole. Alieleza kwamba mwajiriwa mpya amekataa kupangwa naye. Kwamba kijiweni wanamwita Achia. Kwamba juzi abiria mmoja, mama wa makamo, alimnyang'anya begi lake mwenyewe, akasema, "Wewe hapana, mpe mwenzako." Alisimulia hayo bila hasira, kama anayesoma tangazo ukutani, na hilo ndilo lililomtisha Hironimus.

Raphael ndiye aliyemletea habari zilizobaki. Sefu amebadilika, alisema. Anabeba masanduku mawilimawili. Hataki kuitiwa mtu. Na wengine nao wameanza. Vijana wakimwona kiongozi mpya wa zamu anasema kunja magoti, wanamjibu kwamba Mzee Magoti mwenyewe siku ya siku hakukunja magoti, alisimama kiume. "Wanakutaja wewe, kaka," Raphael akasema. "Wanakutaja vibaya kwa kukusifu."

Hironimus alimwambia Raphael amlete Sefu Jumapili inayofuata, hata kwa nguvu.

Jumapili ile haikufika. Katikati ya juma ndege ilileta kreti la mashine ya kusaga, chuma kitupu. Mashine ya mkanda ilikuwa imeshatengenezwa, kreti likashuka vizuri mpaka juu ya toroli. Lakini toroli lilipogeuka, kreti likaanza kuteleza upande wa Sefu. Hapakuwa na mtu wa kuumia. Ilikuwa ni kusogea tu lianguke. Raphael akapiga kelele, "Liache! Sefu, liache!" Sefu akalikumbatia. Raphael alisema alimsikia akisema, si kwa sauti kubwa, "Siachii tena." Kreti likaubana mkono wake wa kulia kwenye ukingo wa chuma wa toroli.

Vidole vinne havikuweza kuokolewa.

Hironimus aliposimuliwa alijigeuza kuelekea ukutani, jambo ambalo daktari alimkataza kulifanya bila msaada. Hakutaka chakula. Alipopata nguvu ya kwenda kumwona Sefu, Zulfa alikuwa ameshakuja kumchukua, wamekwenda kwao Tunduru, na vidonda anatibiwa hospitali ya misheni Mbesa. Alipiga simu. Zulfa akapokea kwa adabu, akasema mwenyewe amelala. Akapiga tena siku nyingine. Mwenyewe yuko msikitini. Tena, ametoka. Hironimus akaelewa.

*

Mwaka ulipotimia, familia ya Komba ilijengea kaburi la Leticia, ikaandaa misa ya kumbukumbu. Walituma gari hadi Matogoro kumchukua Hironimus, na godoro dogo nyuma ili asiumie. Lidwina alimvalisha shati jeupe.

Mpitimbi watu walikuwa wengi. Walimweka kiti cha mbele, pembeni mwa Suzana. Baada ya misa na baada ya padri kubariki msalaba, Thadei akasimama, akaeleza tena jinsi jeneza lilivyotaka kuanguka na jinsi mtoto wa mzee Mapunda alivyolishika. Watu wakapiga makofi. Thadei akamwomba mgeni aseme machache.

Lidwina alimsaidia kusimama. Hironimus akashika magongo, akangoja mgongo utulie.

"Ndugu zangu," akasema. "Mmenisifu mwaka mzima kwa kitu nilichokosea. Kazi yetu ina sheria: mzigo ukizidi, uachie. Siku ile tulikuwa watatu mahali pa wanne. Nilipaswa kusubiri, sikusubiri. Jeneza lilipoteleza nilipaswa kuliacha lianguke." Akasikia watu wakivuta pumzi. Hakumtazama Suzana. "Naomba radhi kulisema hili mbele ya kaburi. Lakini nilipaswa kuliacha lianguke. Sefu alifanya haki. Mimi ndiye niliyemwambia aachie, naye akatii. Mkamcheka. Mkamcheka mpaka akaogopa kuachia hata chuma, na chuma kimemla mkono. Sasa ana mkono usiokamata jembe. Huo mkono tumeukata sisi. Mimi kwa kushika, ninyi kwa makofi."

Mahali fulani nyuma mtoto alilia akanyamazishwa. Mzee mmoja alitema mate pembeni, akanong'ona kwamba mtu hasemi hivyo mbele ya mwenye mtoto. Suzana alivuta kitenge chake akajifunika uso. Thadei akakohoa, akasema chakula kiko tayari.

Walikula kwa haraka. Pombe ya ugimbi ilipitishwa, ikanywewa bila nyimbo. Gari likawarudisha, na Suzana hakutoka kuwaaga.

"Umesema," Lidwina alimwambia walipofika nyumbani, akimvua viatu. Hilo tu. Lakini aliushika mguu wake wa kushoto muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baada ya siku ile Suzana hakuja tena. Wageni wengine nao walipungua. Aliyekuwa shujaa alikuwa amekataa ushujaa, na watu hawakujua wamletee nini. Hironimus hakuwalaumu. Mchana alilala ubavu kwenye mkeka kibarazani, kwa sababu kukaa kulimuuma, akichambua maharage na Lidwina. Saimon alikuwa akilima shamba peke yake siku za mapumziko. Raphael alimletea habari kwamba vijana kazini wamesikia maneno ya Mpitimbi. Wengine walisema mzee amechanganyikiwa na maumivu. Mmoja au wawili, Raphael alisema, wameanza kuitana tena kabla ya kuinua.

Mwezi wa saba, mchana wa jua kali, simu ikaita. Ilikuwa namba ya Zulfa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Zulfa. Habari za huko?"

"Alhamdulillahi. Nimesema nikuambie, kuna mama alikuja hapa kwetu. Mtu mzima, Mkristo, kutoka huko kwenu. Alishuka kwenye basi jana mchana, akauliza kwa Sefu ni wapi mpaka akafika. Amelala hapa, ameondoka asubuhi ya leo."

Hironimus alijiinua kwa kiwiko. "Alisema nini?"

"Hakusema mengi. Alimkuta Sefu amekaa chini ya mkorosho. Alikaa naye pale pale chini. Kisha akamwambia, mwanangu, nionyeshe. Unajua Sefu haonyeshi mtu ule mkono, hata mimi nikiuosha anageuza uso. Akautoa. Mama akaushika kwa mikono yote miwili. Akasema, mimi ndiye niliyesimama kwenye mvua. Pole, mwanangu. Basi. Walilia, shemeji. Sikuwahi kumwona Sefu akilia, hata siku ya ajali."

Lidwina alikuwa ameacha kuchambua, mikono imo ndani ya ungo.

"Mpe simu," Hironimus akasema. "Kama yuko karibu. Kama anataka."

Zikasikika sauti za kuku, kisha mtu akisafisha koo.

"Kaka."

"Sefu. Mdogo wangu. Mkono?"

"Upo. Unauma usiku wa baridi. Mgongo?"

"Upo. Nao unauma."

"Tunapuliza salfa kwenye mikorosho," Sefu akasema. "Zulfa ndiye anayebeba bomba. Mimi namwonyesha miti. Jirani wanaona ajabu."

"Waache waone."

"Ndiyo."

Hironimus alikuwa na maneno mengi aliyoyaweka mwaka mzima na zaidi, na alipoyatafuta hakuyaona. "Utakuja siku moja?" akauliza. "Lidwina anakuulizia."

"Sijui, kaka," Sefu akasema, kwa upole. "Songea bado siwezi. Msalimie shemeji."

Simu ikakatika. Hironimus akairudisha chini ya mto, akajilaza tena ubavu wake wa kulia, taratibu, kwa hatua kama alivyofundishwa hospitali. Lidwina akavuta ungo karibu, akausogeza katikati yao ili naye aufikie, wakaendelea kutoa maharage mabovu.